Kwa nini vyumba vya nyumba ya Babu ni vyembamba



Najua nimepotea. Mwezi mzima nimekuwa zamu za usiku, na mtu ukitoka wodini saa moja asubuhi huna hamu ya kitu isipokuwa mto. Leo nina siku mbili za mapumziko, chai ya maziwa iko pembeni, na nimeamua kuandika kwa kirefu jambo ambalo kwenye kundi la familia nimeshindwa kulieleza kwa vile visauti vya dakika moja moja.

Kwanza Ami, shikamoo. Usikasirike, na usome mpaka mwisho.

Kwa rafiki zangu ambao hamjui kisa: nyumba ya marehemu Babu iliyopo Mji Mkongwe imechoka. Ami ameniletea hesabu ya fundi. Fundi anataka kubomoa ukuta wa kati chini ili vyumba viwili viwe ukumbi mmoja wa kukodisha, kutoa boriti zote, kumwaga zege la nondo, kisha kupiga lipu ya saruji nyumba nzima ndani na nje. Mwenye kutoa pesa ni mie, maana mie ndiye niliye Maskati. Wiki tatu sijajibu. Nimesikia yaliyosemwa (msidhani sisikii), kwamba huyu siku hizi kageuka, mkono umefungika. Sivyo. Mkono uko wazi, kilichonizuia ni nyumba moja ya Sur.

Sur ni bandari ya mashariki ya Oman, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa. Zamani ilikuwa mji wa mafundi wa majahazi na manahodha waliokuja kwetu kila mwaka. Tulikwenda kutembea na wenzangu wa kazini, na katika kupitapita tukaingia nyumba ya zamani iliyoachwa, nusu ya paa imeshaporomoka. Nilipoinua kichwa nikasimama. Juu yangu zilijipanga boriti. Boriti zetu zile zile, za mviringo, nyekundu iliyokolea mpaka kuwa nyeusi, zimelala kutoka ukuta hadi ukuta kama nyumbani kwa Babu. Tofauti ilikuwa kilicho juu yake: sisi tunapanga mawe mapana na chokaa, wao walitandika majamvi ya makuti ya mtende kisha udongo. Nikapima chumba kwa hatua. Urefu wake umekwenda mbali, lakini upana haufiki mita tatu. Nikacheka peke yangu. Utoto wangu wote nilidhani Babu alijenga vyumba vyembamba kwa ubahili.

Wenzangu, wote Wahindi wa Kerala, waliniona nimepatwa na kitu.

Haya. Wiki chache baadaye tulikuwa na mzee mmoja wodini. Sitasema nani wala anaumwa nini, siri ya mgonjwa ni siri. Aliposikia lafudhi yangu ya Kiarabu akaniuliza kwa Kiswahili safi cha zamani, "Wewe mtu wa Unguja?" Basi kila nikienda kumpima presha tunazungumza. Nikamsimulia nyumba ya Sur. Akaniambia huku miti ile wanaiita chandal, na kwamba yeye alipokuwa kijana mdogo alishuka na jahazi mpaka Rufiji kuipakia. Akanyanyua mkono wenye sindano ya dripu kunionyesha tope lilivyowafika kiunoni. Hesabu yao ilikuwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na mpaka leo kwenye mikoko ya Lamu na kwetu miti huhesabiwa hivyo hivyo.

Nilikwenda kusoma. Mnajua nikishika jambo. Niliyoyakuta yamenifanya niione nyumba ya Babu upya.

Mkoko ukikatwa una majina kufuatana na unene wake. Kwa hesabu ya Lamu, uliomwembamba kabisa, chini ya sentimita 4, ni fito, wa kufungia kiambaza cha nyumba ya udongo. Unaofuata ni pau, wa kuezekea. Kisha mazio. Ukifika kiasi cha sentimita 12 hadi 14 ndiyo boriti yenyewe, na zaidi ya hapo ni nguzo. Kwa hiyo boriti si mti wowote wa darini, ni kipimo. Ni mti mzito, mchwa hauupendi kwa ule ukali wa maganda yake, na ukikaa pakavu unadumu kuliko aliyeuweka. Kasoro yake ni moja: haupatikani mrefu ulionyooka na wenye unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukishatoa sehemu ya kulala ndani ya ukuta huku na huku, unabakiwa na mita mbili na nusu, ikizidi sana mita tatu. Hapo ndipo upana wa chumba unapokomea. Tajiri aliyetaka nafasi aliongeza urefu, au aliongeza vyumba, au alipanda ghorofa. Upana haukuwa mikononi mwake.

Nendeni Gedi, nendeni Lamu, nendeni Mji Mkongwe, mtakuta vyumba virefu vyembamba vimepangwa sambamba kimoja nyuma ya kingine.

Na huku Ghuba hadithi ni hiyo hiyo, kwa sababu mti ni huo huo. Nchi hizi hazina misitu ya mbao. Wana mtende, lakini gogo la mtende likibebeshwa mzigo hupinda kama mgongo wa mkongwe. Kwa hiyo waliifuata miti kwetu, tena tangu zamani mno. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, ameandika kuhusu Siraf, bandari iliyokuwa na utajiri mkubwa upande wa Uajemi, kwamba nyumba zake zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj. Zanj ndiyo pwani yetu. Yaani miaka elfu moja iliyopita kuna mtu aliingia topeni, akakata, akabeba begani mpaka kwenye chombo, na mwengine ng'ambo akalala chini ya mti ule.

Biashara hiyo ilifuata pepo. Kaskazi iliwaleta mwisho wa mwaka na tende, chumvi na samaki wakavu, kusi ikawarudisha na boriti. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi, akafuatana nao mpaka Unguja na kisha delta ya Rufiji kupakia miti, akarudi nao Kuwait 1939. Kitabu chake kilitoka 1940, na picha alizopiga mnaweza kuzitafuta kwenye mtandao. Tazameni wale vijana walivyosimama matopeni. Mzee wangu wa wodini alikuja nyuma yao kidogo tu.

Kisha mafuta yakapatikana, saruji na chuma vikaja, na haja ya boriti ikapungua mwaka hadi mwaka. Kwetu nako saruji ilisogea karibu: kiwanda cha Bamburi kule Mombasa kilianza kuzalisha 1954, cha Wazo Hill Dar es Salaam 1966. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje 1982, kwa kuihurumia mikoko, majahazi yenyewe yalikuwa yamebaki machache.

Sasa niwaambie kuhusu mawe, maana hapa ndipo Ami na mie tunapogombana.

Nyumba za mwanzo za pwani hazikuwa za mawe. Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa Ijumaa misikiti mingine iliyopangana, ya chini kabisa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Baadaye, kwenye karne ya 10, yakaja matumbawe. Kizimkazi kwetu kuna maandishi kibla ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, yaliyochongwa kwenye jiwe hilo hilo. Wazee walijua mawe ya namna mbili. Kuna tumbawe linalotolewa baharini likiwa bichi, laini kiasi cha kukatwa kwa shoka na kuchongwa maua, likikauka linakuwa gumu. Hilo ndilo la zidaka, mihirabu na vizingiti. Na kuna jiwe la kuchimbwa nchi kavu, ambalo nalo lilikuwa tumbawe zama za zamani, halichongeki vizuri, linavunjwavunjwa na kujazwa ukutani pamoja na chokaa. Ukuta wa nyumba ya Babu ni wa hilo la pili. Unene wake zaidi ya nusu mita, na ndani yake hakuna mpangilio wa matofali, ni vipande vya mawe vilivyoshikwa na chokaa.

Na chokaa yenyewe nini? Ni jiwe hilo hilo tena. Wanapanga magogo mduara mkubwa, juu wanarundika matumbawe, wanatia moto katikati. Likiungua sana linatoa hewa yake, linabaki jeupe jepesi. Ukilimwagia maji linachemka na kupasuka unga. Unaacha shimoni miezi, lipoe na lilainike. Ukishajengea, chokaa inaivuta ile hewa iliyoipoteza, taratibu, miaka na miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Mie niliyesoma kemia ya uuguzi kwa tabu nilisoma jambo hili mara tatu. Ukuta unajirudisha kuwa tumbawe! Na wenyewe waliofanya hayo hawakusoma kemia yoyote.

Sakafu ya juu ndiyo kazi niliyokuwa naisikia kwa Bibi. Boriti zikishalala, unapanga juu yake mawe mapana, kisha unamwaga chokaa na kokoto, halafu kupigilia. Bibi anasema wanawake walikuwa wanakaa mistari, kila mmoja na kipande chake cha mti, wanapigilia kwa nyimbo siku kadhaa mpaka sakafu inatoa mlio mmoja. Mwenye nyumba analisha. Nilimuuliza waliimba nini, akaniangalia akasema, "Hayo si ya kusikia wewe." Bibi ana miaka zaidi ya themanini na mie nimeshazalisha wanawake zaidi ya mia, lakini haya.

Waliojaribu kuishinda boriti walikuwepo. Kilwa, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipopanua msikiti mkuu alitumia matao na kuba, na huko Husuni Kubwa, kasri lake, mna kuba pia. Kuba haina haja ya boriti, jiwe linabebana na jiwe. Lakini inataka fundi wa aina yake na pesa za dhahabu ya Sofala. Unguja, Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib 1883 alileta chuma, nguzo za chuma nje na mihimili ya chuma ndani, akapata kumbi ambazo boriti isingeweza kuzivuka. Sote tulikwenda pale na skuli. Na sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ilipoanguka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafariki. Mie nilikuwa kazini huku, simu ikalia mpaka nikadhani ni msiba wa nyumbani. Sisemi chuma ni kibaya. Nasema nyumba kubwa kuliko ya Babu, yenye jina na wataalamu, ilianguka mchana watu wakiitazama.

Ami, sasa nakuja kwako.

Ule ukuta wa kati unaotaka kuuondoa si pazia la kugawa vyumba. Boriti za chumba cha Bibi zimelalia ukuta wa nje upande mmoja na ukuta huo upande wa pili. Boriti za chumba cha stoo nazo hivyo hivyo. Juu yake kuna ukuta mwengine wa ghorofa ya kwanza, na juu ya huo mwengine. Ni uti wa mgongo. Fundi anakwambia ataweka bimu ya zege. Bimu hiyo itakusanya mzigo wa ghorofa zote na kuushusha kwenye vipande viwili vidogo vya ukuta wa mawe na chokaa, ukuta ambao tangu siku ya kwanza ulizoea kubeba mzigo uliotandazwa urefu mzima. Mtu umempa ndoo mbili kichwani, kisha unamwambia abebe zote kwa kidole.

Nondo pia. Mchanga wa pwani una chumvi, mawe yenyewe yana chumvi. Chumvi na unyevu vikikutana na chuma kinaota kutu, na kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Nyumba ngapi za zege pale mjini zenye umri mdogo kuliko mie tayari zinadondosha vipande na nondo zimetoka nje kama mbavu?

Na lipu ya saruji. Hapa nina la kukiri, na naomba radhi mbele yenu nyote.

Mwaka 2017, nilipopata mshahara wangu wa kwanza huku, nilituma pesa chumba cha Bibi kipigwe lipu. Niliwaambia wenyewe, kwa mdomo wangu, "Toeni ile chokaa inayochafua nguo, pigeni saruji, pakeni rangi ya mafuta." Nilipoletewa picha nililia kwa furaha. Chumba kiling'aa kama wodi ya kulipia. Masika mbili hazikupita, rangi ikaanza kuvimba malengelenge, ukitoboa unatoka unga mweupe wa chumvi. Mwaka wa nne lipu ikaanguka pande pande na kuondoka na ngozi ya ukuta. Na Bibi akaanza kukohoa usiku.

Ukuta wa mawe na chokaa unakunywa maji, ya mvua na yanayopanda kutoka ardhini, kwa kuwa msingi wake hauna kizuizi chochote. Unakunywa halafu unayatoa, kupitia chokaa, kwa upepo. Ukiufunika kwa saruji na rangi ya mafuta yale maji hayatoki tena. Yanakaa, yanapanda, yanatafuta pengine pa kutokea, na yanapokutana na ncha ya boriti iliyolala ndani ya ukuta yanaiozesha pale pale usipopaona. Katikati ya chumba boriti inaonekana nzima, inang'aa, na ncha zake zimeshakuwa uji. Mie kila siku nafunga vidonda. Najua kinachotokea ukifunga kidonda kibichi kwa plastiki. Nilimfundisha mwanafunzi jambo hilo wiki ile ile niliyotuma zile pesa!

Najua hoja zako Ami, na hazikosi haki. Mikoko imehifadhiwa, boriti haikatwi bila ya kibali na bei yake si ya zamani. Mafundi wa chokaa wazee wamebaki wachache na vijana wanataka kazi ya haraka. Vyumba vyembamba haviingii kitanda na kabati la siku hizi, na mpangaji anataka ukumbi. Na wewe ndiye unayelala chini ya paa linalovuja, si mie mwenye kiyoyozi. Yote kweli. Lakini hata huku Oman, wenye pesa za zege lolote walitakalo, wakitengeneza ngome zao za kale wanarudi kwenye saruj. Msichanganye na saruji yetu, ingawa majina yanafanana: yao ni udongo uliochomwa kwa moto wa magogo ya mtende na kusagwa, ndio waliojengea ngome na mifereji ya falaj.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Pesa za kubomoa ukuta wa kati situmi, hata mkinitoa kwenye kundi. Pesa za kukwangua saruji yote ya chumba cha Bibi, kuuacha ukuta upumue mpaka ukauke, na kupiga lipu ya chokaa, natuma, na deni hilo ni langu peke yangu. Za kubadilisha boriti mbovu moja moja, nazo natuma. Za paa kwanza kabla ya yote, maana ugonjwa wa nyumba ile umeanzia juu. Na kabla fundi hajagusa kitu, nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe, mkaombe mtu aje kutazama. Ipo tangu 1985, si ya kuogopwa.

Mdogo wangu wa mwisho, wewe nina kazi na wewe. Kesho mchana, Bibi akiwa barazani, ingia chumbani kwake uhesabu boriti kuanzia mlangoni. Chukua mpini wa nyundo, gonga kila moja karibu kabisa na ukuta, pande zote mbili. Inayolia kavu andika nzima. Inayolia kama kifuu kitupu, chomeka bisibisi taratibu. Ikizama, usigonge tena. Usimwambie Bibi kwa kumtisha, mwambie tu mie nimesema ahamie chumba cha mbele kwa muda, na hamisha kitanda chake siku hiyo hiyo. Nipigie picha za ncha tu, katikati nakujua.

Nataka hesabu kabla ya Ijumaa. Mshahara unaingia tarehe 25.

Nisalimieni wote, na Bibi mpeni simu jioni nimsikie kikohozi chake.